Tulipanga Safari Mara Mbili

Ndugu msomaji, yapo mambo mawili ambayo mfanyakazi wa mjini huyaonea raha zaidi kabla hayajafika: mshahara na likizo. Mshahara tunauhesabu ungali mikononi mwa mhasibu, na likizo tunaisafiri tungali tumeketi mezani. Nyumbani kwetu Temeke safari ya Desemba ilianza mwezi wa Septemba, Jumamosi moja baada ya chakula cha usiku, kwa ramani iliyotandazwa juu ya meza, kalamu ya risasi, na daftari la shule ambalo binti yetu alikuwa amelitumia nusu tu.

Mimi kwetu ni Marangu, katika miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kilimanjaro. Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari ya watu wa kwetu wanaokwenda, kama utani unavyosema, kuhesabiwa. Njia hiyo naijua tangu utotoni: Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Mwanga, Himo. Naijua mno, na ndiyo sababu mwaka huu nilitaka kuiacha. Nilimwambia mume wangu, "Twende nyumbani kwa njia ya mzunguko. Tushike pwani hadi Tanga, tuvuke mpaka Horohoro, tufuate bahari mpaka Mombasa. Hapo tuiache bahari nyuma, tuipande nyika hadi Voi, tukate kushoto chini ya milima ya Taita, tuvuke mpaka mara ya pili kati ya Taveta na Holili. Mlima tuukute mbele yetu, si ubavuni kama tulivyozoea."

Mume wangu ni fundi wa mitambo bandarini, na fundi hakubali jambo zuri mpaka alipime. Alichukua kalamu akaandika. Dar es Salaam hadi Tanga ni kilometa 350 hivi. Tanga hadi Horohoro ni 65. Kutoka Lunga Lunga, upande wa pili wa mpaka, hadi Mombasa ni kama 100. Mombasa hadi Voi 150, Voi hadi Taveta 110, na kutoka Taveta hadi Marangu kwa kupitia Holili na Himo ni mwendo wa kilometa 30 tu. Kurudi Dar es Salaam kwa njia tuliyoizoea ni 550. Alijumlisha akapata takriban kilometa 1,350. Gari letu, ambalo lina umri mkubwa kuliko binti yetu wa miaka 9, huenda kilometa 12 kwa lita moja. Basi lita 115 za petroli, na akiba kidogo kwa ajili ya milima. Alipoiweka kalamu chini alitabasamu, nami nikajua kwamba hoja yangu imepita.

Kila mmoja alileta ombi lake. Binti alitaka mchanga mweupe wa Diani. Kijana wetu wa miaka 14 alitaka tembo wa Tsavo, wale wanaoonekana wekundu kwa sababu ya udongo wanaojirushia mwilini. Mume wangu alitaka kuliona lile daraja jipya la Dongo Kundu, linalomwezesha mwenye gari kuzunguka bila kungoja kivuko cha Likoni. Na mimi, nikiri wazi, nilitaka makala. Mwandishi haendi likizo kwa moyo mmoja. Siku zote kuna daftari dogo ndani ya mkoba.

Kwa hiyo tukapanga siku mbili Diani, usiku mmoja katika kambi ya wageni huko Tsavo, na siku tatu Marangu. Kiti cha nyuma cha katikati tukakipangia hema, jiko la gesi na sanduku la vyakula. Na mama yangu, ambaye tunaishi naye tangu alipofariki baba, tukamwandikia mstari mmoja chini ya ukurasa: "Mama: tiketi ya basi, Dar–Marangu." Tulidhani tumemfanyia hisani. Mzunguko wa siku nyingi ungemchosha, naye ana miaka 69 na goti linalouma.

Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha, akichambua mchele wa kesho katika ungo. Aliuliza jambo moja tu.

"Mombasa mtalala siku ngapi?"

"Hatulali Mombasa, mama," nikamjibu. "Tutapita tu."

"Mtapita tu," akarudia, akaendelea kuchambua mchele.

Mwanamke wa makamo yangu anapaswa kuufahamu ukimya wa mama yake. Mimi sikuufahamu mpaka asubuhi, nilipomkuta jikoni amekwisha kuamka, chai imechemka na imepoa. Ndipo aliponisimulia kwa mpango habari ambayo maisha yangu yote nilikuwa nikiisikia vipande vipande.

Mama yangu ana dada yake mkubwa. Mwaka 1972 dada huyo aliolewa na kijana wa Kitaita aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Wakati ule shirika la reli lilikuwa moja kwa nchi zote tatu za Afrika Mashariki, na mtu wa Mwatate kupangiwa kazi Moshi halikuwa jambo la ajabu. Palikuwa na treni ya abiria kati ya Voi na Moshi. Reli hiyo yenyewe ilizaliwa katika vita: Waingereza walianza kuijenga kutoka Voi mwaka 1915 ili kupeleka askari na mizigo upande wa Taveta, kisha ikaungana na reli ya Wajerumani itokayo Tanga. Reli iliyojengwa ili watu wauane ilikuja kuwaleta wachumba. Mama mkubwa alipanda treni hiyo na kitanda chake cha mbao na mkungu wa ndizi, akaenda kuanza maisha Mombasa, na kila mwaka alirudi nyumbani kwa njia ile ile.

Mwezi wa Februari 1977 mpaka ulifungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, nchi zetu zikagombania mali na madeni, na njia ya Taveta ikawa ukuta. Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Sisi tuliozaliwa baadaye tunaijua miaka hiyo kama swali la mtihani wa historia. Kwa mama mkubwa ilikuwa na maana nyingine, kwa kuwa mwezi wa Juni 1979 bibi yetu alifariki Marangu.

Habari zilimfikia binti yake Mombasa wiki tatu baada ya maziko. Wapo watu waliovuka kwa njia za panya miaka hiyo, usiku, kwa miguu. Yeye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na mumewe alikuwa mtumishi aliyeogopa kupoteza kazi. Hakuvuka. Alikaa matanga peke yake katika nyumba ya chumba kimoja huko Changamwe, majirani wakimletea uji.

Mpaka ulipofunguliwa alikuja, Agosti 1984. Mama anakumbuka alivyoshuka kwenye basi na kanga mpya aliyokusudia kuitandika juu ya kaburi. Lakini kabla hajafika kaburini kaka yao mkubwa, mjomba wangu, ambaye ndiye mrithi wa kihamba, alimwambia mbele ya watu, "Kaburi halina haraka. Aliyekuwa na haraka ni mama, naye alikutaja siku tatu." Hakusema zaidi, na wala hakuhitaji. Mama mkubwa aliondoka alfajiri bila kunywa chai, na kanga yake mkobani. Tangu siku hiyo hajakanyaga Marangu. Mumewe alipofariki mwaka 2003 mama alikwenda kumzika Mwatate, mjomba hakwenda. Hivyo wazee watatu waliozaliwa tumbo moja wameishi zaidi ya miaka 40, wawili katika pande mbili za maneno yale, na mama yangu katikati.

"Sikukwambieni mlale Mombasa," mama alimalizia. "Niliuliza tu."

Ndugu msomaji, nilikwenda kazini siku ile na ramani kichwani, lakini kila nilipoifuata njia yangu nzuri, bahari, nyika, milima, niliona kwamba nimeichora ipite mlangoni kwa mama mkubwa bila kupiga hodi, kisha iingie katika boma ambalo yeye amelikosa kwa miaka yote hiyo. Nilikuwa nimepanga kwenda kuitazama njia ambayo mtu wa damu yangu anaililia.

Hata hivyo sikuwa na ujasiri wa kufanya lolote. Jioni nilimpigia mjomba simu kwa jambo dogo tu: kumwuliza kama kutakuwa na nafasi ya kuegesha gari uani, kwa kuwa Desemba watoto wake wote huja na magari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mnakuja lini?"

Nikamtajia siku, nikaongeza kwamba safari hii tutatokea upande wa Taveta.

"Taveta?" akasema. "Mnatoka Mombasa?"

"Ndiyo, mjomba."

Alinyamaza. Nilisikia kuku wakiingia bandani, na mtu akipasua kuni mbali kidogo. Nilifikiri simu imekatika.

"Gari lenu lina viti vingapi?"

"Vitano, mjomba."

"Na ninyi mko wangapi?"

"Wanne. Mama atakuja kwa basi."

"Mama yako anaijua njia ya basi," mjomba akasema polepole. "Yule mwingine ndiye asiyeijua njia tena." Kisha akaniuliza habari za watoto na masomo yao kana kwamba hakusema kitu.

Nilimweleza mama. Hakulia wala hakucheka; alichukua simu akaenda kuzungumza na dada yake chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka alikuwa na jibu fupi. "Dada anasema, aliyemfukuza ana mdomo. Aite kwa mdomo wake."

Nani asingemwona kuwa na haki? Lakini mjomba ni mzee wa Kichagga wa miaka karibu 80, na shingo ya namna hiyo haipindi kwa siku moja. Zilipita siku tisa. Ramani ilikunjwa ikawekwa juu ya kabati. Binti aliuliza kama safari imevunjika, baba yake akamwambia kwamba safari inapumua. Siku ya kumi, saa mbili usiku, mama mkubwa alinipigia mimi. Waliyozungumza yeye na kaka yake hakuniambia, nami sikumwuliza. Aliuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, baridi ya Marangu ingali ile ile? Maana mimi sina tena sweta."

Basi tuliketi mezani mara ya pili, na safari hii mama hakukaa dirishani.

Tatizo la kwanza lilikuwa hesabu. Mama angekuja nasi tangu Dar es Salaam, hilo halikujadiliwa. Kutoka hapa hadi Mombasa tutakuwa watano, na viti ni vitano. Kutoka Mombasa tutakuwa sita. Kuwabana watu sita katika gari la watu watano ni kosa barabarani, na kwa wazee wawili wenye magoti yanayouma ni mateso. Hema, jiko la gesi na kambi ya Tsavo vilikuwa vya kwanza kufutwa. Baada ya hapo bado alibaki mtu mmoja wa kupunguzwa.

Ni kijana wetu aliyetoa ufumbuzi. Alisema yeye na mimi tunaweza kupanda treni. Reli mpya ya Kenya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, inayo treni inayosimama Voi. Tutashuka pale, tupande matatu hadi Mwatate, mwendo mfupi tu, tuwakute wenzetu. Kesho yake tutapanda matatu nyingine hadi Taveta. "Na kama tembo wapo," alisema, "nitawaona dirishani." Kijana ambaye mwezi mmoja nyuma alidai kambi ya wageni sasa alijitolea kiti chake kwa bibi ambaye hajapata kumwona. Nilimtazama baba yake. Akajifanya anatafuta kalamu.

Tatizo la pili lilikuwa mwendo. Mpango wa kwanza ulikwenda kwa mwendo wa ujana. Mpango wa pili tumeupima kwa goti la mama. Tutaondoka Jumamosi ijayo alfajiri, Mungu akipenda, na kulala Tanga. Jumapili tutavuka mpaka na kuifuata pwani ya Kwale, kupitia Msambweni na Ukunda, hadi Mombasa. Binti atapewa saa tatu za Diani badala ya siku mbili, na amekubali kwa masharti ya aiskrimu. Jumatatu ni mapumziko Changamwe, dada wawili wazungumze. Jumanne tutaipanda nyika: Mariakani, Mackinnon Road, Voi, nchi kavu ya mibuyu na udongo mwekundu, kisha Mwatate penye mashamba ya mkonge yanayofanana na yale ya Tanga. Huko mama mkubwa atasimama kwanza kwenye kaburi la mumewe, na huko tutalala.

Tumechagua kulala Mwatate kwa sababu nyingine pia. Anayetaka kuuona Mlima Kilimanjaro na autafute asubuhi na mapema au jioni. Mchana aghalabu hujifunika mawingu. Ukitoka Mwatate kukicha, ukapita Bura na Maktau hali jua liko nyuma yako, mlima huonekana mbele kama kitu kilichowekwa juu ya nyika usiku ule ule. Kwa upande huu wa mashariki Mawenzi iliyochongoka ndiyo iliyo mbele, na Kibo yenye theluji iko nyuma yake. Sehemu ya barabara hiyo hukatisha mbuga ya Tsavo Magharibi, na wanyama huvuka watakapo. Hiyo ni sababu nyingine ya kutosafiri usiku.

Tatizo la tatu lilikuwa karatasi, na hapa nawaandikia hasa wale watakaotamani kuifuata njia hii. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuwaruhusu raia wao kuvuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haikuingia katika mpango huo, kwa hiyo kila msafiri wetu, hata mtoto, anahitaji hati ya kusafiria. Mwenye gari achukue kadi ya gari yenye jina lake, au barua ya idhini kama gari ni la mtu mwingine. Apate kibali cha muda cha forodha, na bima inayotambulikana ng'ambo, ile iitwayo Kadi ya Njano. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahauliwe nyumbani. Mifuko ya plastiki iachwe: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, nasi tukafuata mwaka 2019. Mama amefurahi mno kwa sheria hiyo, maana vikapu vyake vya ukili vimepata heshima upya.

Mpakani kwenyewe mambo yamerahisika. Tangu mwaka 2016 Taveta na Holili vina kituo cha pamoja: maofisa wa nchi zote mbili huketi jengo moja, na msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Nilipomsomea mama habari hiyo aliniuliza, "Jengo moja?" Nikasema, ndiyo, dirisha hili Kenya, dirisha lile Tanzania. Alitikisa kichwa. Katika miaka ile ya 1977 hadi 1983, hatua chache zile zilikuwa ndefu kuliko kutoka Mombasa hadi Bombay.

Hata mstari wenyewe ulichorwa na watu ambao hawakuwa na ndugu upande wowote. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana uanzie pwani, kwenye mdomo wa Mto Umba, uende hadi Ziwa Jipe, upite kati ya Taveta na nchi ya Wachagga, kisha uuzunguke mlima kwa kaskazini hadi ziwa kuu la Viktoria. Ile hadithi ya malkia aliyempa mjukuu wake mlima kuwa zawadi ni tamu, lakini si ya kweli. Ukweli ni mkavu zaidi: palikuwa na meza, ramani na kalamu. Niliposoma hayo niliitazama meza yetu ya Temeke kwa haya kidogo.

Kabla ya mstari huo njia ilikuwapo. Misafara ya watu wa pwani ilikwenda bara kupitia Taita miaka mingi kabla ya lami na reli. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alitoka Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyezijua njia hizo. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima. Alimwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani, akajibiwa kwa neno moja tu, kwamba ni baridi. Rebmann alipopeleka habari Ulaya kwamba ipo theluji karibu na mstari wa ikweta, wapo wataalamu waliombishia kwa miaka. Lakini kiongozi hakukosea. Kwa mtu wa pwani, mlima ule kwanza kabisa ni baridi. Ndilo neno alilolikumbuka mama mkubwa baada ya miaka yote: hakuuliza habari za migomba, wala kahawa, wala mifereji ipitayo vihambani. Aliuliza baridi.

Makala ya safari niliyoitaka sikuiandika, na badala yake unasoma hii. Sijui itakuwaje tutakapoingia uani kwa mjomba. Inawezekana ataamkia habari za mvua na bei ya kahawa kama wanaume wa kwetu wanavyofanya wakizidiwa. Inawezekana maneno ya mwaka 1984 yatatafuta njia ya kutoka tena. Mama anasema tusitarajie sherehe. Chai ikinywewa hadi mwisho inatosha. Siku ya mama mkubwa kurudi Mombasa hatukuiandika. Mume wangu aliacha mstari mtupu.

Jambo moja najua. Mpango wa kwanza haukuwa na kosa hata moja la hesabu. Kilometa zilikuwa sawa, mafuta yalikuwa sawa, mandhari yalikuwa mazuri vile vile. Kosa lake ni kwamba tulianza na kuuliza tutaona nini, na swali la nani atakuwa ndani ya gari tukaliacha mpaka mstari wa mwisho wa ukurasa. Wengi wetu tunao mama wakubwa kama huyu, wa ng'ambo ya mpaka au wa ng'ambo ya mtaa, na njia iliyokuwa imefungwa imekwisha kufunguliwa siku nyingi. Kilichobaki ni mtu kuuliza gari lina viti vingapi. Wazee hawana Desemba nyingi za kutungojea tujifunze kuuliza.

Vikapu viko tayari mlangoni. Mume wangu amebadilisha mafuta ya injini na kukagua gurudumu la akiba mara ya tatu. Mama amenunua sweta ya sufu, rangi ya kahawia, kubwa kuliko mwili wake. Alipoijaribu kijana wetu alimcheka, naye akajibu kwamba si yake. Na katika ukurasa wa mwisho wa lile daftari binti ameandika majina yetu sote, akayapigia mstari chini na kujumlisha: watu 6, viti 5. Mwalimu wake angesema hesabu hiyo haiingii. Sisi tumeiacha kama ilivyo.